Mwembe si ule, bandari si ile: nimeshinda asubuhi nzima kwenye bustani ya Livingstone, Ujiji

Behewa la Tatu

Wakuu, salaam.

Mimi ni mtu wa Tabora, mzaliwa wa Ng'ambo. Nimekuja Kigoma kwa harusi ya mpwa wangu. Harusi imeisha salama, pilau limeliwa, bibi harusi kachukuliwa. Shida ni kwamba treni ya kurudi haiondoki kila siku, na kwa shemeji tumejaa kiasi kwamba usiku ukitaka kwenda msalani unaruka watu watano. Jana nikaona bora nitoke kabla sijaanza kuhesabiwa vikombe vya chai.

Nikapanda daladala pale Mwanga kwenda Ujiji, kilomita kama 8. Nikamwambia konda anishushe Livingstone, kwenye makumbusho ya yule mmisionari na msafiri wa Kiskoti. Akanitazama viatu (nilikuwa bado na vile vya harusini), akasema, "Mzee, kule unakwenda kumsalimia nani? Hakuna hata mtu wa ukoo wako." Gari zima likacheka, nami nikacheka. Lakini lile neno lilinikaa kooni kama mwiba wa mgebuka.

Ukishuka unafuata mtaa unaoteremka pole pole kuelekea ziwani, na miembe ya kale ipo ipo njiani. Huu ndio uliokuwa mwisho wa njia ya misafara: Bagamoyo, Unyanyembe kwetu Tabora, halafu Ujiji. Zaidi ya kilomita 1,200 kwa miguu. Getini unaandika jina kwenye daftari, unalipa kiingilio (Mtanzania halipi sawa na mgeni wa nje, beba kitambulisho), unaingia.

Bustani ni tulivu kuliko nilivyotarajia. Nyasi, maua, njia iliyofagiliwa alfajiri mpaka alama za ufagio zinaonekana. Na kivuli, wakuu. Jua la Ujiji saa nne asubuhi limeshaanza kuuma, lakini ukiingia chini ya ile miembe unasikia shati linaachana na mgongo.

Kuna mnara wa mawe wenye ramani ya Afrika, na msalaba umechongwa ndani ya ramani. Maandishi yanasema kwamba chini ya mwembe uliokuwa umesimama hapa wakati ule ndipo Stanley alipokutana na Livingstone, 10 Novemba 1871. (Stanley alikuwa mwandishi wa gazeti la Marekani, katumwa kumtafuta.) Hebu soma tena hapo pa "wakati ule". Mwembe wenyewe ulishakufa. Iliyopo ni miembe miwili ambayo mwongoza watalii aliniambia ni watoto wa ule wa kwanza. Kwenye makumbusho kuna sanamu za karatasi iliyofinyangwa, Stanley na Livingstone, wakubwa kuliko watu wa kawaida, kofia mkononi, wanasalimiana. Niliingia peke yangu nikashtuka, nusura nitoe shikamoo.

Basi nikatoka nje nikatafuta bandari. Maana nijuavyo mimi, Ujiji ilikuwa bandari kabla Kigoma haijawa kitu. Nikakaa kivulini, nikatazama upande wa maji. Maji yapo, yanametameta kwa mbali, na ng'ambo milima ya Kongo kama moshi wa jikoni. Lakini kati yangu na maji kuna mapaa ya mabati, migomba, kamba za nguo. Mwongoza watalii akasema enzi hizo ziwa lilikuwa karibu na hapa tulipokaa. Kwa hiyo, wakuu, umekaa kwenye bustani inayotazama bandari iliyoondoka, chini ya mwembe ambao si ule.

Nilishinda pale mpaka adhuhuri. Nikawa namfikiria yule konda. Mimi ni Mnyamwezi. Ile barabara babu zetu waliipiga kwa mabega: pembe kwenda pwani, kaniki, merikani na shanga kurudi bara. Sasa kwenye yale mawe ya nje, Stanley na Livingstone wapo. Burton na Speke, wasafiri wa Kiingereza waliofika 1858, nao wana kumbukumbu yao. Mpagazi hata mmoja hayupo. Konda kasema kweli bila kujua: niliyemwendea hajaandikwa.

Sijaja kulalamika. Nataka wenyeji mniambie: maji yalikwenda wapi? Na ile miembe ni watoto kweli au tunafarijiana?

Kuhe Mkaango

Nimekaa paleee mbele, kahawa na kashata mkononi. Mkuu, picha.

Mjiji Asilia

Karibu Ujiji mkuu, ingawa umekuja na viatu vya harusi.

Mimi nimekulia mtaa wa pili kutoka hapo. Utotoni ile bustani ilikuwa ya kujisomea tukikaribia mtihani, maana nyumbani kelele za wadogo na redio. Mlinzi wa wakati ule alikuwa anaturuhusu kwa sharti moja, tusirushe mawe kwenye maembe. Tulikuwa tunasoma jicho moja kwenye daftari, jicho moja juu.

Kuhusu hii miembe ya njiani. Wageni huambiwa kwamba iliota kutokana na kokwa walizotupa watu wa misafara na watumwa. Bibi yangu mzaa mama alikuwa Mmanyema, mtu wa asili ya ng'ambo ya ziwa, Kongo ya leo, na embe za miti ile hakuwa anazila kabisa. Siku moja akaja kijana na kinasa sauti, akaketi mkekani kwa adabu zote, akamuuliza kwa sauti ya msibani: bibi, ni kwa sababu ya machungu ya historia? Bibi akamjibu, "Zina nyuzi." Kijana akazima mashine.

Na ni kweli zina nyuzi. Ukila Jumatatu, mpaka Ijumaa ulimi bado unachokonoa meno.

Lakini bibi huyo huyo hakuwahi kusema "tulihamia Ujiji" wala "tulikuja Ujiji". Alikuwa anasema "tulivushwa". Hakulieleza zaidi, nasi hatukuuliza.

Halafu hilo la mwembe si ule: kwetu mtoto akizaliwa anapewa jina la babu, na tunamwita babu, tunamwamkia babu. Sijasikia mtu akisimama ukumbini kulalamika kwamba babu si yeye.

Fundi Saa

Mimi naingilia kwenye tarehe tu. Hiyo 10 Novemba ni ya Stanley. Kwa hesabu yake ilikuwa siku ya 236 tangu atoke Bagamoyo. Ukifungua shajara ya Livingstone, mkutano unaangukia mwishoni mwa Oktoba. Wote wawili walikuwa wameugua njiani, na mtu mwenye homa ya wiki mbili hajui kama leo ni Jumanne au Alhamisi. Tena kurasa za shajara ya Stanley zilizohusu ile salamu yake maarufu ("Dr. Livingstone, nadhani?") zilichanwa, hazipo. Kwa hiyo hata salamu yenyewe tunaipokea kwa mdomo wa mwenye kuiuza gazetini.

Mnara umechagua 10 Novemba. Sawa. Mawe hayaugui homa.

Kinachonikera ni kwamba watu wanaishia kwenye salamu. Salamu ni dakika moja. Baada ya hapo wale wawili walipanda mtumbwi kutoka Ujiji wakaenda kaskazini mwa ziwa wiki kadhaa, kuangalia kama mto Rusizi unatoka ziwani au unaingia. Wakati huo huko Ulaya watu walikuwa wanagombana kuhusu chanzo cha Nile, na kama Rusizi ungekuwa unatoka, basi Tanganyika lingekuwa na kesi ya kujibu. Wakafika, wakaona maji yanaingia. Kazi ndiyo hiyo, na ilianzia kwenye hiyo bandari unayoitafuta mleta uzi.

Mwana Darasa

Mleta uzi, unapotosha kidogo. Bila Livingstone na Stanley, Ujiji nani angeijua? Wapagazi walikuwa wafanyakazi wa kulipwa kama wengine. Mbona kwenye maghorofa hatuandiki majina ya wabeba zege?

Behewa la Tatu

Mwana Darasa, mkuu, Ujiji ilikuwa inajulikana na kila mwenye pembe ya kuuza. Livingstone alipofika mara ya kwanza, Machi 1869, aliikuta imechangamka, Waarabu na Waswahili wa pwani wanafanya biashara na watu wa ng'ambo zote za ziwa. Aliporudi Oktoba 1871 akitoka Manyema, alikuwa hoi. Julai yake alikuwa ameshuhudia watu wakiuawa kwa bunduki sokoni Nyangwe, akashindwa kuendelea. Akafika Ujiji akitegemea bidhaa zake zimehifadhiwa, akakuta aliyekabidhiwa ameziuza zote. Sasa niambie, mji usiojulikana unapata wapi wanunuzi wa kumaliza shehena nzima ya mzungu?

Hilo la wabeba zege nitakujibu kwa mtu mmoja tu. Sidi Mubarak Bombay. Myao. Alitekwa angali mdogo, akauzwa, akaishia India, akapata uhuru, akarudi Unguja. Mwaka 1858 akaja huku na Burton na Speke. Burton alikuwa mgonjwa wa kubebwa, Speke macho yamevimba haoni vizuri. Wakapanda kilima, Burton akaona mstari wa mwanga chini kule, akamuuliza Bombay ni nini kinachong'aa. Bombay ndiye aliyemwambia kwamba yale ni maji. Fikiria hilo. Mmoja haoni, wa pili hana hakika anachokiona.

Mwaka 1871 Bombay alikuwa kwenye msafara wa Stanley, ule ulioingia Ujiji kwa bendera ya Marekani na milio ya bunduki. Mwaka 1874 akaja tena na Cameron, msafiri mwingine wa Kiingereza, na safari hiyo hawakugeuza, walikwenda mpaka wakatokea pwani ya Atlantiki. Safari tatu, na wazungu wa safari tatu. Wa kwanza wana kumbukumbu yao pale bustanini, wa pili ana mnara. Yeye hana hata kibao cha bati.

Nikiwa mbeba zege na nimejenga maghorofa matatu kwenye kiwanja kimoja, nadhani ningeulizia.

Mwana Darasa

Huyo Bombay nilikuwa simjui, nakiri. Ila usiudharau mnara.

Behewa la Tatu

Siudharau mkuu. Niliuegemea muda mrefu tu, una ubaridi mzuri.

Mama wa Kanga Mbili

Wanaume mmejaa bendera, tarehe na mito, jikoni hamkuingia.

Nendeni mkasome Stanley alivyoandika kuhusu Halima, mpishi wa Livingstone pale Ujiji. Mgeni ametokea, bunduki zinalia, mji mzima uko nje, na Halima anatoka jikoni anachungulia, anarudi, anatoka tena, haamini kama kweli bwana wake kapata mgeni. Halafu wasiwasi ukamshika: chakula kilichopo hakifanani na mgeni. Mwanamke yeyote aliyewahi kuletewa wageni saa nane mchana bila kuambiwa anamjua Halima. Hahitaji mnara kumtambua.

Na hakubaki Ujiji. Aliendelea na yule mzee mpaka safari ya mwisho. Livingstone alipofariki Chitambo, huko Zambia ya leo, Mei 1873, watu wake walizika moyo wake chini ya mti, wakaukausha mwili, wakaubeba mpaka Bagamoyo. Miezi na miezi. Kina Susi na Chuma tunawataja, angalau hao. Susi ndiye aliyekuwa wa kwanza kutoka mbio siku ile Ujiji, akamsalimia Stanley, akarudi mbio kumwambia bwana wake kwamba kuna Mwingereza anakuja. Kwa hiyo wa kwanza kumpokea Stanley ni Susi. Hiyo salamu nyingine ni ya pili.

Behewa la Tatu

Mama, shikamoo. Hapo umenimaliza.

Niongeze kipande cha kwetu. Ule msafara wa mwili ulipita Unyanyembe mwishoni mwa 1873, ukamkuta Cameron pale. Cameron akawashauri wamzike palepale, njia ni mbaya. Wakakataa. Wakaubeba mpaka pwani, na Aprili 1874 akazikwa London, Westminster Abbey. Sasa angalieni: Cameron alikuwa na nani Unyanyembe? Bombay. Bombay na Susi walikuwa wameonana Ujiji 1871, sasa wanaonana tena Tabora na maiti katikati. Ningetoa nauli ya behewa zima nisikie walizungumza nini jioni ile.

Mama wa Kanga Mbili

Marahaba baba. Walizungumza chakula. Watu wa safari huzungumza chakula.

Mzee wa Gati

Wajukuu zangu, nimewasoma kimya kimya tangu asubuhi. Nimekula chumvi na nimefanya kazi majini miaka mingi. Naomba nimjibu huyu kijana wa Tabora kuhusu ziwa "lililoondoka".

Tanganyika ni karai refu, kilomita zaidi ya 670 kutoka kichwa mpaka miguu, na kina chake kinapita mita 1,400. Mito inaingia mingi: Rusizi kaskazini, Malagarasi huku kwetu, na mingine. Ila mlango wa kutokea ni mmoja tu, mto Lukuga, pale Kalemie upande wa Kongo. Maji mengine yote yanaondoka kwa jua.

Sasa huo mlango una tabia ya kuziba. Ikipita miaka ambayo maji hayafiki kimo cha kutoka, tope linajaa, matete yanaota, panakuwa ukuta. Mvua zikiwa nyingi ziwa linapanda, halina pa kutokea, linapanda zaidi. Cameron aliuona huo mlango 1874, Stanley akapita 1876 akakuta bado umeziba. Miaka hiyo Ujiji maji yalikuwa juu na yanaendelea kupanda. Kwa hiyo kina Livingstone walipokuwa wanapunga upepo barazani, ziwa lilikuwa jirani wa kweli.

Ikafika kama 1878, maji yakauvunja ule ukuta. Mlango ukafunguka, na maji yakishapata njia yanachimba yenyewe. Wakati huo palikuwa na mmisionari Mwingereza pale Ujiji, Edward Hore, baharia, akawa anapima. Anaweka alama, anarudi, anakuta maji yamekwenda. Ndani ya miaka isiyofika ishirini ziwa lilishuka mita kama 10.

Mtasema mita 10 ni kitu gani. Inategemea ufukwe. Chukueni sahani na bilauri, punguzeni maji kimo kilekile kwenye vyote viwili. Kwenye bilauri hamtaona tofauti kubwa, kwenye sahani maji yatakimbilia katikati. Ujiji ni sahani, ardhi imelala. Ghuba ya Kigoma ni bilauri, kingo zimesimama, na imezungukwa na vilima upepo hauingii ovyo. Kwa hiyo mwanangu, ziwa halikuondoka. Mlango ulifunguka, na Ujiji ikawa imekaa upande mbaya wa sahani.

Wajerumani waliliona hilo. Reli yao ilipofika ziwani Februari 1914, haikuishia Ujiji, iliishia Kigoma. Ndiyo maana leo tunaitwa mwisho wa reli, na Ujiji ikabaki na miembe.

Na msidhani ziwa limetulia. Mapema miaka ya 1960 lilipanda, wazee wenzangu wanakumbuka. Miaka hii ya karibuni limepanda tena, nendeni Kibirizi mkaone lilivyoingia kwenye makazi na vibanda vya watu.

Fundi Saa

Mzee, hiyo ya sahani na bilauri nimeifanya jikoni sasa hivi. Mke wangu anauliza nina shida gani.

Mgeni Njiani

Nakuja Kigoma Desemba na watoto wawili, miaka 9 na 12. Hiyo bustani inatosha siku nzima au watanisumbua? Na kuna nini kingine cha kuona kinachofanana na hicho? Gombe tunakwenda, nauliza huku mjini.

Mjiji Asilia

Siku nzima hapana, usiwadanganye. Asubuhi inatosha. Waonyeshe sanamu, wakae kivulini, halafu teremkeni mpaka ziwani muone boti za mbao zinavyochongwa. Desemba ni msimu wa maembe, kwa hiyo hawatasumbua, ila njoo na vijiti vya meno.

Kuhe Mkaango

Mchana mle ugali wa muhogo na mgebuka wa mawese. Usimwagizie mtoto chipsi Ujiji, ni aibu kwa ukoo. (Picha bado, mleta uzi.)

Mzee wa Gati

Jioni warudishe Kigoma mjini. Mwanzie stesheni, jengo la Wajerumani lenye matao, kisha mpande kidogo mlimani muitazame ghuba. Kule ndiko utakapoona bandari yenye maji yake. Waambie watoto habari ya meli ya Liemba. Iliundwa Papenburg, Ujerumani, 1913, ikafunguliwa vipande vipande, ikatiwa kwenye makasha kama 5,000, ikaja kwa meli mpaka Dar es Salaam na kwa treni mpaka hapa, ikaunganishwa upya. Ikashushwa majini 1915 kwa jina la Graf von Götzen. Mwaka uliofuata vita vikawazidi, wakaizamisha wenyewe, lakini mafundi waliipaka mitambo grisi kwanza, kama mtu anayefunga nguo na nondo ili arudi kuzivaa. Waliorudi kuivaa ni wengine. Waingereza waliiibua 1924, na 1927 ikaanza kazi kwa jina jipya.

Na hilo jina, kijana wa Tabora, linakurudisha bustanini kwako. Liemba ni jina ambalo Livingstone alilisikia kwa watu wa kusini mwa ziwa mwaka 1867, akaliandika. Kwa hiyo yule mzee ana mnara juu ya nchi kavu, na maji yamebeba neno aliloazima kwa wenyeji.

Mpita Njia wa Bangwe

Angalizo kwa anayekuja na simu yenye kamera kali: upande wa gati usipige picha bila ruhusa. Mimi nilipiga ndege tu, kunguru wa kawaida, mlinzi mmoja akaona nimeelekeza simu kwenye meli. Aliichukua saa sita mchana, nikairudishiwa jioni baada ya maneno mengi na soda mbili. Ombeni ruhusa kwanza, huwa wanakubali.

Na mbona hakuna aliyetaja handaki? Kuna handaki la Wajerumani kutoka stesheni mpaka ile nyumba ya mlimani iliyojengwa kumsubiri Kaisari.

Fundi Saa

Nilijua handaki litakuja. Kila mji uliopitiwa na Mjerumani una handaki, na kila handaki lina mtu ambaye mjomba wake aliingia akaona dhahabu. Mjomba mwenyewe huwa ameshafariki.

Mpita Njia wa Bangwe

Mjomba wangu yu hai. Ila alikuta popo.

Behewa la Tatu

Wakuu, nimerudi. Naandika nikiwa stesheni, mabegi yako chini ya benchi.

Baada ya maelezo ya Mzee wa Gati sikulala vizuri. Leo alfajiri nimerudi Ujiji (konda yule yule, safari hii kaniuliza, "Umempata?"). Sikuingia bustanini. Nilinunua muwa kwa kijana wa mkokoteni pale nje, nikaanza kuteremka kutoka ukutani kwenda ziwani, nipime bandari ilikwenda umbali gani. Mita sikuhesabu, naomba Fundi Saa anisamehe. Nilipima kwa muwa: natafuna, natema, natembea, mwendo wa mtu asiye na haraka. Muwa ulikwisha kabla ya maji kuonekana vizuri. Nikawa natembea na kipingiti cha mwisho mdomoni hakina hata utamu.

Njiani ni maisha ya watu tu. Mtoto anaogeshwa kwenye beseni. Matuta ya viazi. Mzee anasuka wavu mlangoni kwake. Niliwaza kwamba hapo kwenye beseni pangeelea jahazi mwaka ule wa 1871, na mtoto angekuwa chini ya maji.

Ufukweni kuna boti za mbao zinajengwa, mbavu ziko wazi kama za ng'ombe. Fundi mmoja alikuwa anatia kalafati, anasokomeza pamba iliyolowa mafuta kwenye nafasi za mbao, anagonga, anasokomeza. Nikamwamkia, akaitika bila kuinua kichwa. Nikamuuliza, samahani mzee wangu, bandari ya zamani ilikuwa wapi, ile ya kina Livingstone?

Akasimama. Akaokota tezo lake, akanyoosha mkono nyuma yangu, juu, kule nilikotoka, kwenye mapaa na migomba. "Huko," akasema. Halafu akaligeuza tezo kwenye boti yake mwenyewe, akaonyesha alama ya unyevu kwenye gogo iliyoegemea. "Na mwaka huu yamefika hapa. Tumeisogeza hii mara mbili."

Nikamuuliza kama wazee wake walikuwa wa kazi hii hii. Akasema babu yake alivuka kutoka ng'ambo. Nikakumbuka bibi ya Mjiji Asilia, nikataka kuuliza alivuka au alivushwa. Nikaona si swali la kuulizwa na mtu mwenye kipande cha muwa mkononi. Nikamsaidia kushika ncha ya pamba, akagonga, basi.

Treni imepiga honi.

Mjiji Asilia

Safari njema mkuu. Ukirudi uje kwetu, kuna mkeka.

Kuhe Mkaango

Kisa kizuri. Sasa picha?

Behewa la Tatu

Simu ilikuwa inachajiwa kwa shemeji, mkuu. Kwenye foleni, nyuma ya simu kumi na moja.